Kudai kodi irudi ukiwa Ujerumani, Uingereza au Ghuba: mwongozo kwa watu wa Mombasa

Kabla ya kuhesabu risiti, jibu swali moja: kisheria, makazi yako ni wapi? Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani hana haki ya kurudishiwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya dukani, hata kama mzigo wote ni zawadi za kupeleka Likoni. Haki hiyo ni ya mgeni, mfano mama aliyekuja kwa viza fupi ya Schengen. Mkaazi naye ana mlango wake, na mara nyingi ndio wenye pesa nyingi zaidi. Ni ile kodi ya mapato anayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, ambayo sehemu yake hurudi akionyesha matumizi fulani ya kawaida. Inasikitisha kuona watu wakihangaika uwanja wa ndege kwa euro 15 za viatu, ilhali mamia ya euro zao yamelala ofisi ya kodi miaka mitatu.

Jambo la pili ni namna ya kulipa. Madai mengi hufa kwa sababu ya pesa taslimu. Fundi aliyelipwa mkononi, hela alizopewa mtu anayesafiri azifikishe Mtopanga, ada iliyolipwa bila stakabadhi: hata kama ni kweli tupu, ofisi ya kodi haizihesabu. Ukibadilisha tabia moja tu mwaka huu, badilisha hiyo. Lipa kwa benki, na andika sababu ya malipo.

Ujerumani

Mwajiriwa wa kawaida halazimiki kuwasilisha hesabu, na kwa hiari yake ana miaka 4 baada ya mwaka husika kwisha. Hesabu za 2022 zinapokelewa mpaka 31 Desemba 2026. Wanaolazimika, na muda wao ni mfupi zaidi, ni pamoja na wanandoa walio kwenye madaraja ya kodi ya III na V, na aliyepokea zaidi ya euro 410 kwa mwaka za malipo kama ya ukosefu wa kazi.

Kazi yote hufanyika bure kwenye Elster, tovuti ya ofisi ya kodi ya Ujerumani. Utahitaji namba yako ya kodi yenye tarakimu 11 na karatasi ya mwaka kutoka kwa mwajiri, inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa. Namba ya siri ya kufungua akaunti huja kwa posta, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho ya Desemba. Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kisanduku cha barua, maana watu wanaoishi kwa mwenzao hupoteza barua hiyo mara kwa mara.

Kila mwajiriwa huhesabiwa euro 1,230 za gharama za kazi bila kuonyesha chochote. Maana yake ni kwamba gharama zako hazianzi kukusaidia mpaka zipite hapo. Chukua safari ya kwenda kazini. Kwa mwaka 2025 ni senti 30 kwa kila kilomita ya upande mmoja, na senti 38 kuanzia kilomita ya 21, uwe unakwenda kwa gari, treni au baiskeli. Anayekaa kilomita 18 kutoka kazini na kwenda siku 220 anapata 18 × 220 × 0.30, yaani euro 1,188. Peke yake haimsaidii kitu. Akiongeza viatu vya usalama alivyojinunulia, ada ya chama cha wafanyakazi na kozi ya lugha ya kazini, tayari amevuka. Kuanzia 2026 kiwango ni senti 38 tangu kilomita ya kwanza, na mtu huyohuyo atavuka kwa safari peke yake.

Nyumbani pia kuna pesa. Asilimia 20 ya kazi ya mikono ya fundi hutolewa moja kwa moja kwenye kodi yako, hadi euro 1,200 kwa mwaka. Ni ya kazi, si ya vifaa. Fundi akipaka rangi kwa euro 900, na kati yake 500 ni ujira, unapata 100; ankara isiyotenganisha ujira na vifaa haikufai, kwa hiyo mwambie mapema autenganishe. Mpangaji naye asijitoe hapa. Ile hesabu ya mwaka ya gharama za jengo anayoletewa na mwenye nyumba ina msimamizi wa jengo, usafi wa ngazi na ukataji wa majani, na sehemu yake ya hayo huingia.

Tahadhari moja: hii ni kodi inayorudi, si msaada. Mwanafunzi wa kazi au mwenye kibarua kidogo ambaye hakukatwa kodi ya mapato hana cha kurudishiwa, hata awe na risiti gunia zima.

Pesa za mama

Sehemu hii isome mara mbili, kwa sababu ndiyo matumizi makubwa ya wengi wetu na ndiyo inayoachwa. Ujerumani inakubali kupunguza mapato yako ya kodi kwa pesa unazomtumia mzazi, babu, bibi, au mume au mke aliye Kenya. Wakwe nao huingia, wanandoa mkiwasilisha pamoja. Ndugu, shangazi na binamu hawaingii, hata wawe wanakutegemea kwa kila kitu. Watoto wako walioko Mombasa huenda kwenye fomu nyingine, Anlage Kind. Kuwaandika pamoja na mama kwenye Anlage Unterhalt, fomu ya pesa za malezi, ni kosa linalorudisha faili nyuma.

Kiwango cha juu kwa mwaka 2025 ni euro 12,096, lakini Kenya iko kundi la nchi zinazohesabiwa robo, kwa hiyo ni euro 3,024 kwa kila mtu unayemlea. Ukimtumia mama euro 250 kila mwezi tangu Januari, 3,000 zote zinaingia. Ikiwa sehemu ya juu ya mapato yako inatozwa asilimia 30, hapo ni karibu euro 900 zinazorudi.

Angalia neno Januari. Miezi iliyotangulia malipo ya kwanza ya mwaka haihesabiwi kwa mzazi. Ukianza Mei, kiwango chako ni miezi 8 kati ya 12, yaani 2,016. Anayetuma donge moja kubwa Desemba kwa ajili ya mwaka mzima amejikata mwenyewe karibu yote. Ni heri kidogo kila mwezi, au mafungu machache yanayoanzia Januari.

Tangu 2025 sheria inataka pesa zipite benki mpaka akaunti ya yule anayelelewa. Si akaunti ya kaka ili ampelekee, wala mkono wa msafiri. Usiijenge hesabu yako juu ya M-Pesa. Mfungulie mama akaunti yake mwenyewe, yenye jina lake, kisha kadi au simu ya kutolea pesa mtaijua nyumbani. Na jina hilo liwe moja kila mahali. Kwetu pwani hapa ndipo penye shida: kitambulisho kinasema Fatma, benki inasema Fatuma, cheti chako cha kuzaliwa kinasema Fatuma binti fulani. Karani wa Ujerumani anaona watu watatu. Rekebisha kabla ya kutuma ombi, au tengeneza hati ya kiapo kwa wakili inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja. Cheti cha kuzaliwa kilichopotea unaweza kukifuatilia Huduma Centre.

Kila mlelewa hujaziwa fomu ya maelezo ya malezi, iliyoko kwa Kijerumani na Kiingereza, inayotaja undugu wenu, mapato yake na wanaoishi naye. Inahitaji uthibitisho wa ofisi ya serikali kule anakoishi. Kwa Mombasa anzia kwa chifu, na muhuri usomeke. Yanayokwamisha ni haya. Mlelewa aliye na umri wa kufanya kazi huulizwa kwa nini hafanyi. Mzazi aliyefika miaka 65 haulizwi. Kipato chake kinachozidi euro 156 kwa mwaka hukatwa kwenye kiwango, kwa hiyo vyumba vya kupangisha Bombolulu vitaonekana. Nyumba anayoishi mwenyewe, ikiwa ya kawaida, haimhesabii. Na ukituma pesa za nyumba nzima, hugawanywa kwa vichwa. Mama akiwa na vijana wawili wakubwa wanaokula pesa hizohizo, yake ni theluthi tu, nyingine hazikubaliwi. Usifiche watu kwenye fomu. Tuma pesa ya mama kama pesa ya mama, na ya wengine peke yake.

Uingereza

Uingereza haina nafuu ya kulea wazazi, hivyo usipoteze muda kuitafuta. Ilicho nacho ni gharama za kazi ambazo mwajiri hakukulipa, na unaweza kurudi nyuma miaka 4 ya kodi, ambayo huanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili.

Walezi wa majumbani wazingatie maili. Kiwango kilichokubaliwa ni peni 45 kwa maili, kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka. Mwajiri akikupa 30, zile 15 zilizobaki ni zako kudai. Maili 4,000 kati ya mteja na mteja ni pauni 600, na anayelipa kodi ya asilimia 20 hupata pauni 120. Safari ya kutoka nyumbani kwenda kituo chako cha kudumu cha kazi haimo. Andika daftari siku kwa siku: tarehe, postikodi ya kuanzia, ya kufikia, maili, sababu. Daftari lililobuniwa usiku mmoja mwishoni mwa mwaka hujulikana.

Sare yenye nembo unayoifua mwenyewe, bila mwajiri kutoa mahali pa kufulia, ina kiwango maalumu: pauni 60 kwa wengi, 125 kwa wauguzi na wasaidizi wa afya. Si pesa unazopewa zote. Unapata kodi yake, yaani pauni 12 au 25 kwa mwaka kwa kiwango cha asilimia 20. Ada ya usajili wa kitaaluma pia huingia: muuguzi aliyelipa NMC, baraza la wauguzi na wakunga, pauni 120 anarudishiwa 24. Wanandoa ambao mmoja ana mapato madogo yasiyofikia pauni 12,570, na mwingine analipa kodi ya kiwango cha kawaida, wanaweza kuhamishiana pauni 1,260 za nafuu, yaani za mapato yasiyotozwa kodi, hadi pauni 252 kwa mwaka.

Dai mwenyewe kupitia GOV.UK, tovuti ya serikali, ni bure. Kampuni za kudai kwa niaba hukata sehemu ya pesa zako kwa kazi ya nusu saa. Miaka iliyopita hulipwa kwa hundi au benki; mwaka unaoendelea hurekebishwa kwa kubadilisha msimbo wako wa kodi, kwa hiyo angalia mshahara kabla ya kulalamika kwamba hukulipwa. Ujumbe wa simu wenye kiungo na ahadi ya marejesho ni wizi, usiubonyeze. Anayerudi Mombasa moja kwa moja katikati ya mwaka ajaze P85, fomu ya anayeondoka nchini, kwa sababu nafuu ya pauni 12,570 ni ya mwaka mzima, na mara nyingi atakuwa amekatwa zaidi.

Ghuba

Ukifanya kazi Dubai au Abu Dhabi hukatwi kodi ya mapato, hivyo hakuna cha kudai, na kitambulisho cha mkaazi kinakuondoa kwenye marejesho ya VAT ya watalii. Mgeni ndiye hupata: ananunua kuanzia dirhamu 250 kwenye duka lililosajiliwa, anaonyesha pasipoti hapo hapo, na kuthibitisha uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mizigo. Hulipwa asilimia 85 ya VAT, ukitoa dirhamu 4.80 kwa kila ankara. Bidhaa ya dirhamu 1,050 ina VAT ya 50. Mkononi zinafika 37.70.

Mgeni wako akirudi Moi

Uingereza, ukiacha Ireland ya Kaskazini, iliondoa marejesho ya dukani tangu 2021. Ujerumani bado inayo, kwa ankara inayozidi euro 50. Fomu ya marejesho iandikwe kwa jina na pasipoti ya mgeni, si yako, na mzigo usafiri naye ndani ya miezi mitatu baada ya mwezi wa kununua, ukiwa haujatumika. VAT ya asilimia 19 iliyo ndani ya bei ya euro 119 ni 19, lakini kampuni ya marejesho hukata ada yake.

Kosa kubwa ni muhuri wa forodha, unaothibitisha kwamba mzigo unatoka nchini. Ikiwa bidhaa ziko kwenye sanduku kubwa, mgeni aseme hivyo kaunta ya ndege, sanduku litiwe lebo na kurudishwa kwake, alipeleke forodha likaguliwe, ndipo likabidhiwe. Likishaondoka kwenye mkanda, muhuri haupatikani. Akiondoka Hamburg kupitia Frankfurt na sanduku limeandikiwa Mombasa moja kwa moja, sanduku hugongewa muhuri Hamburg, na mzigo wa mkononi Frankfurt. Akipitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, kila kitu hugongewa Ujerumani.

Ankara hizohizo zitaonyesha thamani ya mzigo akifika Moi, uwanja wa ndege wa Mombasa. Ukizidi kiwango cha msafiri, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, itatoza ushuru pamoja na VAT ya asilimia 16, kwa hiyo atangulie kutangaza, na ankara ziwe mkononi, si chini ya sanduku.