Hamira kwenye chakula cha kuku wa mayai

Mfugaji anayechanganya chakula mwenyewe anaweza kufaidi hamira hai kirahisi kuliko anayenunua chakula cha vidonge. Hamira ni fangasi mdogo, Saccharomyces cerevisiae, yuleyule anayeumua mkate, na joto la mashine ya vidonge humuua asipokuwa amekingwa. Chakula cha unga hakipiti kwenye joto hilo.

Kazi yake kubwa iko utumboni. Ukuta wa seli ya hamira una sukari iitwayo manani, ambayo bakteria kama E. coli na Salmonella huinasa. Wakinasa hapo badala ya kwenye utumbo wa kuku, hutoka na kinyesi. Kwa hiyo hata hamira iliyokufa ina faida.

Kipimo cha hamira hai ya mifugo mara nyingi ni gramu 50 hadi 100 kwa kilo 100 za chakula, ila fuata lebo ya bidhaa uliyonunua. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaimwaga juu ya rundo na kupiga koleo mara mbili tatu. Ichanganye kwanza na kilo moja ya pumba, hiyo kilo uichanganye na nyingine kumi, ndipo uingie kwenye rundo zima.

Ukiishi karibu na kiwanda cha bia unaweza kupata hamira iliyotumika, uji mzito wa rangi ya kahawia. Usidhani ni machicha. Machicha ni makapi ya nafaka, nyuzi tele. Hamira ya bia ikikauka ina protini ya karibu asilimia 45, lisini ya kutosha na vitamini B, ila methionini ni haba (lisini na methionini ni sehemu zinazounda protini), kwa hiyo usiondoe dagaa wote ukategemea hiyo. Uji huo huharibika upesi. Uchemshe, uchanganye na pumba, anika tabaka jembamba kwenye turubai mpaka likauke kabisa, kisha saga. Asilimia 2 hadi 5 ya chakula inatosha.

Jihadhari na mrututu (kopa salfeti, chumvi ya buluu) kwenye maji ya kunywa. Unaua fangasi, na hamira hai uliyoilipia ni fangasi.

Mayai yenye ganda laini hayatibiwi kwa hamira. Angalia chokaa, fosforasi na vitamini D. Kuku anayetaga anahitaji kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 kwenye chakula. Mahindi yenye ukungu nayo yatupwe, hamira haiyasafishi.

Kabla ya kuwapa kundi zima, gawa banda kwa wavu, kuku wa umri na aina moja, nusu wapate na nusu wakose, kwa wiki sita. Andika kila siku mayai, yaliyovunjika, machafu, na kilo za chakula. Kuku 500 wanaokula gramu 120 kila mmoja humaliza kilo 60 kwa siku. Kwa kipimo cha juu hiyo ni gramu 60 za hamira. Linganisha bei yake na mayai yaliyoongezeka, kisha uamue kama utaendelea.