Moto wa kampe na watoto: namna tunawasha na kuzima huku Goma

Hii ni ya mashefu wa skuti na wa gide, na kila mtu mwenye anapeleka watoto kampe. Watoto wakubwa nao wasome.

Hatua ya 1: fasi. Hapa usiharakishe. Usiwashe moto wala kusimika tente ndani ya shimo ao kabonde, hata kama panakinga upepo, sababu huku kwetu, zaidi njia ya Sake, kuko mazuku: gazi karbonike inatoka chini ya udongo, haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inalala mule shimoni na inaua watu na mbuzi, na usiku upepo ukitulia njo inajaa zaidi. Uliza wenyeji kwanza, wao wanajua mashimo yenyewe. Ukiona moto unajifia chini bila upepo, pandisha watoto wote juu palepale, mizigo itafuata kesho.

Hatua ya 2: duara. Ondoa majani yote metre 3 kuzunguka moto, tente ziwe mbali zaidi, upande upepo unatokea. Mawe ya kuzungushia yawe makavu kabisa. Jiwe la volkano liko na matundu matundu, linabeba maji, sasa ukilitoa ziwani ukalipanga kwa moto, maji yanageuka mvuke mule ndani na jiwe linaweza kupasuka, vipande vikaruka mpaka kwa macho ya mtoto.

Hatua ya 3: maji kabla ya kiberiti. Bido ya litre 20 imejaa, mchanga, na pelle. Chukudu ikileta kuni, ilete na maji.

Hatua ya 4: kuwasha. Shefu mmoja tu. Esanse hapana, petroli hapana! Mvuke wa esanse unashika moto kabla kiberiti hakijafika kwenye kuni. Tumia vijiti vikavu, moto usipite magoti, na majani ya mikalitusi usitupie rundo, yako na mafuta, yanawaka kwa mara moja.

Hatua ya 5: watoto. Kitenge kifungwe vizuri, jaketi ya nailoni ivuliwe (inayeyukia kwenye ngozi), hakuna kukimbizana wala kuchezesha kijiti chenye moto. Nguo ikishika: simama, lala chini, funika uso, jivingirishe. Mtoto akiungua, maji safi ya baridi yatiririke juu ya kidonda dakika 20, halafu kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta, yai, vyote hivyo acha, hata mama wa jirani akisisitiza.

Hatua ya 6: kuzima. Anza nusu saa kabla ya kulala. Tawanya makala, mwaga maji polepole, koroga na kijiti, mwaga tena mpaka ule mlio wa "shii" uishe, kisha leta mgongo wa mkono karibu: ukisikia joto bado, rudilia. Usifukie na udongo tu, makala yanabaki hai chini na asubuhi mtoto anapita pale miguu wazi.

Na makala yasiingie tente hata kama baridi ni kali, moshi wake wenye hauonekani unaua watu wakiwa usingizini. Mwenye anatetemeka, mpe blanketi ya pili.