Laptopu imegoma kuwaka? Jaribu haya kabla hujaambiwa madabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa

Jamani kabla hujaikimbiza kwa fundi angalia kwanza imegoma vipi, maana laptopu isiyowaka kabisa na ile inayowaka ila kioo kinabaki cheusi ni magonjwa mawili tofauti, na ukifika dukani ukasema tu "haiwaki" ujue utatajiwa bei yoyote. Ila kama imemwagikiwa chai au maji usiiwashe wala usiichaji, chomoa kila kitu, hiyo ni kazi ya fundi moja kwa moja.

Iko kimya, hakuna taa wala feni? Anza na umeme. Jaribu soketi nyingine, halafu angalia kichwa cha chaja, Dell na HP nyingi zina kipini chembamba katikati, kikipinda mashine haiitambui chaja na betri haiingizi chaji, unakuja kushtuka imeshaisha. Ukiazima chaja hakikisha volti ni zilezile zilizoandikwa kwenye yako (nyingi ni 19 au 19.5), wati zikizidi sawa, zisipungue.

Chaja ikiwa nzima, ichomoe, toa betri kama inatoka, shikilia batani ya kuwashia kama sekunde 30 hivi, kisha rudisha chaja peke yake uwashe. Betri ya ndani we iache, shikilia batani hivyohivyo chaja ikiwa nje. Usidharau hii, zile zinazogoma umeme ukikatika na kurudi ghafla nyingi zinaamkia hapa.

Sasa kama feni inazunguka ila kioo cheusi, zima taa ya chumbani umulike kioo kwa tochi ya simu kwa upande, ukiona maandishi kwa mbali basi ni taa ya kioo tu imekufa, mashine yenyewe haina shida. Au iunganishe na TV kwa waya wa HDMI. TV nayo ikikosa picha, mimi hapo nashuku RAM kwanza, ile kadi ndogo ya kumbukumbu ya muda. Chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, chomoa na betri, vuta vile vibano viwili vya pembeni RAM itainuka yenyewe, sugua meno yake taratibu kwa ufutio mkavu, pangusa vumbi, irudishe kwa mshazari uikandamize mpaka usikie vibano vimelia ka! Zikiwa mbili jaribu moja moja. Kuna laptopu RAM imechomelewa kwenye bodi, hizo usihangaike nazo. Na angalia taa, Dell nyingi za sasa zikipepesa rangi ya chungwa mara 2 na nyeupe mara 3 zinasema hazioni RAM.

Ikiishia kwenye nembo, chomoa fleshi zote, kisha ilazimishe kuzima kwa batani wakati Windows inapakia, rudia mara 3, itakuletea ukurasa wa matengenezo uchague Startup Repair. Ikiandika "Boot Device Not Found" ujue haioni diski, na hapa nakusihi usikubali kufomatiwa haraka, mwambie fundi aitoe diski aiunganishe kwenye kompyuta nyingine akutolee kwanza picha na kazi zako. Diski ikiwa imefungwa na BitLocker, lile kufuli la Windows, atakuomba tarakimu 48 za kuifungulia, mara nyingi zipo kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia uzichukue kwa simu kabla hujaondoka nyumbani.