Kubeba kamera ukiwa haikingi (matembezi marefu ya mlimani) bila kuumia shingo wala kuiangusha

Kama umewahi kupanda mlima na kamera inaning'inia shingoni basi unajua ninachosema, saa ya kwanza uko poa, ya pili shingo inaanza kuvuta, ya tatu kamera inakugonga tumboni kila hatua na ukiinama kufunga kamba za viatu inaenda kugonga jiwe. Afu watu wengi wanadhani tatizo ni uzito. Uzito upo ndiyo, kamera kubwa na lenzi ya zumu ya kawaida ni kilo 1.5 hivi, lakini chupa ya maji ya lita 1 na nusu nayo ni uzito huohuo na huwa hailalamikiwi hivyo. Kinachochosha zaidi ni kubembea. Kitu kikibembea mwili unakisahihisha kila hatua bila we kujua, na kitu kinachobembea ndo kinachogonga, kinachonasa kwenye matawi, kinachokuvuta upande mmoja kwenye mteremko. Kwa hiyo ukinunua au ukifunga chochote jiulize swali moja tu, hiki kitabembea?

Kwanza punguza. Safari ya siku moja mi nabeba bodi moja (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi moja, mbili zikizidi sana. Ile lenzi ya "huenda nitaihitaji" iache, utaibeba siku nzima na hutaitoa.

Sasa begi. Tumia begi la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni wa kweli, ule mpana wenye sponji, sio kile kiutepe chembamba cha mapambo. Kazi ya huo mkanda ni kutoa mzigo mabegani na kuupeleka kwenye nyonga, na nyonga zinabeba vizuri kuliko mabega. Ila lazima uvae kwa mpangilio: legeza mikanda yote, vaa begi, funga mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga (sio tumboni!) na ukaze huo kwanza, ndo uvute ya mabegani mpaka iguse bega bila kulibana, mwisho funga ule wa kifuani, usikaze sana maana kwenye mlima unahitaji pumzi. Wengi wanaanza na mabega ndo maana jioni hawawezi kugeuza shingo. Ndani ya begi vitu vizito vikae karibu na mgongo na usawa wa katikati, vikiwa mbali na mgongo begi linakuvuta nyuma na vikiwa juu sana unayumba kwenye mawe.

Haya, kamera yenyewe ikae wapi? Hapa watu hawakubaliani ila mi msimamo wangu ni kifuani, kwenye klipu inayofungwa kwenye mkanda wa begani wa begi. Ya Peak Design inaitwa Capture ndo maarufu na zipo za kampuni nyingine zinazofanya kazi kwa mtindo huohuo: unafunga kipleti chini ya kamera kwenye lile tundu la skrubu ya tripodi (stendi ya miguu mitatu), kipleti kinaingia kwenye klipu na kujifunga, ukitaka kupiga picha unabonyeza na kuchomoa. Kamera haibembei, mikono yote miwili iko huru kwa fimbo za kutembelea au kushika mwamba, na inatoka haraka. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kamera iliyozikwa ndani ya begi hutaitoa, utaona mwanga mzuri umepita kwenye bonde na utasema ah ntapiga mbele, na mbele hakuna.

Vitu vya kuzingatia kwenye klipu. Ifunge chini kidogo ya mfupa wa bega, ikiwa juu yake utaumia. Lenzi iangalie chini. Lenzi ndefu nzito usiiweke hapo, itakuwa inakupiga tumboni ukipanda na kukuziba usione miguu ukishuka, hiyo iende ndani ya begi. Upande wa pili wa begi weka chupa ya maji ili mabega yasawazike. Na skrubu ya kipleti ikaze kwa kile kiufunguo chake cha umbo la L, sio kidole, afu iangalie kila unapopumzika. Mi siku moja ilinilegea yenyewe kwa mtikisiko wa kutembea masaa mengi, kamera ikaanguka kwenye nyasi na hudi ya lenzi (ile kinga inayovalishwa mbele ya lenzi) ndo iliyopokea pigo, ikapasuka yenyewe, lenzi ikabaki nzima. Tangu hapo natembea na hudi muda wote na kamera ina kikamba kifupi kilichoshikwa na karabina (pete ya chuma inayofunguka na kujifunga) kwenye begi, klipu ikishindwa kamba inashika. Kikamba kiwe kifupi kweli, kirefu kitanasa kwenye kichaka.

Kama huna hela ya klipu sasa hivi, tumia mkanda wako wa kawaida ila uvae mshazari, begani hadi ubavuni, kamera ikae kwa nyuma kidogo, afu mkanda wa kiunoni wa begi upite juu ya mkanda wa kamera uubane. Sio tamu kama klipu lakini kubembea kunapungua sana.

Tripodi: ubavuni mwa begi, miguu kwenye mfuko wa chupa na juu ifungwe kamba mbili. Kamba moja haitoshi, itageukageuka.

Maji sasa. Kile kifuniko cha mvua cha begi kinasaidia lakini mvua ikiwa kubwa maji yanashuka mgongoni kwako na kuingia kwa upande huo, na wakati mwingine yanatuama chini ya kifuniko. Ndani weka mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo, kamera iingie humo na vipakti viwili vya silika jeli (punje za kunyonya unyevu). Maji ya kunywa yasikae chumba kimoja na kamera hata mfuniko uwe mzuri vipi. Na ukitoka kwenye baridi kali kuingia ndani kwenye joto usifungue mfuko hapohapo, acha umefungwa mpaka kamera ipate joto taratibu, ukifungua mapema unyevu wa hewa unageuka matone kwenye vioo hadi ndani. Betri za akiba kwenye baridi weka mfuko wa ndani wa jaketi karibu na mwili, zikipoa zinaonekana zimeisha kumbe bado.

Ukivuka mto kamera iingie kwenye huo mfuko kabla hujagusa maji, na fungua mikanda ya kiunoni na kifuani, ukianguka uweze kuvua begi haraka. Kamera inanunuliwa nyingine.

Kuhusu wezi, mara nyingi hatari haiko njiani mlimani iko kwenye gari la kwenda na kurudi, umechoka umelala. Begi likae mapajani sio juu wala kwenye buti, zipu mbili zishikanishwe na karabina, na kama unanunua begi jipya tafuta lile linalofunguka upande wa mgongoni, ukilivaa hakuna wa kulifungua. Memori kadi zilizojaa zitoe kwenye begi uziweke mfukoni kwenye zipu. Namba ya kamera ile iliyoandikwa chini ipige picha uitunze kwa simu na kwenye imeili.

Afu kabla ya safari yenyewe vaa kila kitu, jaza maji, tembea saa moja mahali penye ngazi au kilima. Rukaruka kidogo. Chochote kinachogonga au kulia, kifunge upya.