Namna ya Kuisoma na Kuifuatilia Ripoti Yako ya Mikopo

Ripoti ya mikopo ni kumbukumbu ya jinsi mtu alivyokopa na alivyorejesha. Kampuni za taarifa za mikopo huiandaa kutokana na yale yanayowasilishwa na benki na wakopeshaji wengine, na kwa kuwa zenyewe hazishuhudii malipo yako, kosa la karani mmoja linaweza kukunyima mkopo unaoustahili. Kwa hiyo isome miezi kadhaa kabla ya kuomba mkopo, si baada ya maombi kukataliwa.

Omba nakala kwa kampuni yenyewe. Katika nchi nyingi sheria inakupa haki ya kuipata bure kwa vipindi maalumu. Palipo na kampuni zaidi ya moja, omba kwa kila moja, kwa sababu si kila mkopeshaji hupeleka taarifa kote. Nchini Marekani, kwa mfano, Equifax, Experian na TransUnion kila moja ina jalada lake, na majalada hayo hayalingani daima.

Hakiki kwanza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, kisha uende kwenye orodha ya mikopo, ambako ndiko kwenye kazi kubwa. Kila mkopo huonyeshwa tarehe ulipotolewa, kiasi kilichokopwa, salio, hali yake na ucheleweshaji wa marejesho. Tuseme ulimaliza deni mwezi Machi, lakini ripoti ya Juni bado inaonyesha salio dogo na siku tisini za kuchelewa. Huenda mkopeshaji hakupeleka taarifa mpya, au kuna riba iliyobaki ambayo hukuarifiwa. Taarifa ya akaunti yako ya benki na barua ya kumaliza deni ndizo zitakazoamua. Angalia pia mikopo uliyoidhamini, maana watu wengi huisahau kabisa, na mkopo wowote usioutambua, kwa kuwa huenda mtu ametumia kitambulisho chako.

Sehemu ya waliokagua taarifa zako haihitaji muda mrefu. Kujikagua mwenyewe hakupunguzi alama zako za mikopo, yaani namba inayoonyesha jinsi unavyoaminika kurejesha deni, ila maombi mengi ya mikopo ndani ya muda mfupi yanaweza kuzipunguza. Alama zenyewe hukokotolewa kutokana na ripoti: katika FICO, mfumo wa alama unaotumika sana Marekani na unaoanzia 300 hadi 850, historia ya malipo huchangia takriban asilimia 35 na kiasi unachodaiwa asilimia 30.

Ukiona kosa, andika malalamiko kwa kampuni ya taarifa na kwa mkopeshaji pia, utaje mkopo unaohusika, uambatishe nakala za vielelezo na ubaki na nakala halisi. Usimlipe mtu anayeahidi kufuta taarifa mbaya lakini za kweli. Ucheleweshaji uliotokea kweli hubaki kwa miaka kadhaa hata baada ya deni kulipwa, na kumtoza mtu aliyeelemewa na madeni kwa ahadi ya namna hiyo ni kumdhulumu.

Marekebisho yakikubaliwa, omba nakala nyingine baada ya mwezi mmoja au miwili, kwa kuwa mkopeshaji asiporekebisha kumbukumbu zake mwenyewe, kosa lilelile linaweza kurudi katika taarifa atakazowasilisha tena.