Kamera iko kwenye M na picha hazitoki: anzia hapa

Vijana wengi wanaonijia hapa Mikindani na kamera begani huanza na neno moja: "Kaka, kamera mbovu." Nikiishika naikuta nzima. Wamehamia M juzi, pale unapopanga mwanga wewe mwenyewe, na kati ya shata (muda wa kuingiza mwanga), tundu la lenzi (upana wa mlango wa mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hawajui ni kipi kinachowaangusha.

Kitu cha kwanza ninachotazama ni ISO. Ukitoa shata 1/100 ya sekunde ukaipeleka 1/1000 na picha ikabaki na mwanga uleule, usihangaike pengine: ISO iko kwenye oto. Kila unapoupunguza mwanga wewe, kamera inaurudisha kimyakimya, na sindano ya kipimo cha mwanga, ile alama inayokuambia mwanga umezidi au umepungua, inaganda kwenye sifuri mpaka ISO ifike kikomo. Ifunge kwenye namba moja isiyobadilika, kama 100 au 400. Hapo ndipo utaona sindano inakutii.

Halafu kuna ISO ya jana. Usiku ulikuwa ukumbini ukaiweka 6400, asubuhi uko ufukweni na picha zote nyeupe pe, hata shata ikiwa 1/4000. Mimi nikiwasha kamera, kidole kinakwenda kwenye ISO kabla ya kitu kingine chochote. Kwa jua letu la saa sita mchana, anga likiwa safi, anzia ISO 100, f/8 (hiyo ni namba ya tundu; namba ikikua, tundu linapungua), shata 1/400. Ukipata picha iliyo mbali sana na inavyotakiwa kwa namba hizo, ujue kuna kitu umekiacha wazi mahali.

Sasa nije kwenye sindano yenyewe, maana hapa ndipo nilipoumia. Nilipoanza kupiga harusi nilimpeleka bibi harusi ufukweni Msimbati. Nikaifuata sindano mpaka sifuri, nikaridhika, nikapiga. Mchanga ule mweupe ukatoka wa kijivu na sura za watu zikazama gizani. Mama mzazi wa bibi harusi alizitazama picha moja moja, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mwanangu haonekani?" Sina siku niliyopima mwanga ufukweni bila kuyakumbuka maneno yale.

Kipimo cha kamera hakijui mchanga wala mtu. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, ni kijivu cha kati. Kikiona weupe mwingi kinasema mwanga umezidi, kikiona weusi mwingi kinasema umepungua. Kwa hiyo mchanga au kanzu ikijaa kwenye fremu, acha sindano ikae kwenye +1 (mwanga mara mbili ya ule wa sifuri), hata zaidi kidogo. Ukipiga kinyago cha mpingo cha Mmakonde kwenye kitambaa cheusi, fanya kinyume, ishushe mpaka −1. Usiposhusha, mpingo unageuka kijivu, na kazi ya siku nyingi ya mchongaji inaonekana kama mti wowote tu.

Na ngozi zetu je? Napima uso peke yake kwa kipimo cha nukta, kile kinachosoma sehemu ndogo tu ya picha, kisha naiacha sindano chini ya sifuri: theluthi mbili, au moja nzima kwa mtu mweusi sana. Nalishikilia hili kwa moyo wote. Mtu akiniajiri nimpige picha, nataka ajione kwa rangi yake.

Kioo cha nyuma usikiamini. Juani kinaonekana cheusi, unaongeza mwanga bure; usiku kinang'aa, unaupunguza bure. Fungua histogramu, ule mchoro wa mfano wa mlima unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Mlima ukiwa umebanana ukuta wa kulia, weupe umeungua na nyuzi za kanzu hazirudi tena.

Lenzi ndogo inayokuja na kamera, ile ya 18-55, ina tabia yake: ikiwa pana inafunguka f/3.5, ukiivuta hadi mwisho inaishia f/5.6. Shata na ISO hujavigusa, lakini picha imeingia giza. Ukitaka mwanga usibadilike ukivuta, anza na f/5.6 tangu mwanzo.

Ukumbini kuna mambo mawili. Utepe mweusi upande mmoja wa picha unapotumia flashi maana yake shata imepita kasi ambayo flashi inaiweza. Irudishe 1/200 au chini yake. Mistari mingi ya giza na mwanga inayokatiza picha, bila flashi, ni taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za namna hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata 1/100 au 1/50 na mistari mingi itatulia.

Umekagua yote na bado? Toka nje juani, ISO 100. Piga ukuta uleule mara mbili: f/4 kwa 1/1600, halafu f/16 kwa 1/100. Mwanga unaoingia ni sawa, kwa hiyo picha zinatakiwa zifanane. Ile ya f/16 ikitoka nyeupe kupita kiasi, vile vibati vya ndani ya lenzi vimekwama na tundu halijifungi. Hapo nakubaliana nawe kwamba ni ubovu, na lenzi hiyo ipeleke kwa fundi; usijaribu kuifungua mwenyewe.