Kufunga mkanda wa LED ndani ya kesi ya kompyuta: amini mita ya kupimia volti, usiamini rangi ya waya

Kulehemu nilijifunzia kwenye taa za dagaa. Huku Mwanza karabai zimezipisha taa za LED za betri ya volti 12, na taa ikirudi kutoka ziwani imekufa, ukiifungua kwa kawaida unakuta jambo lilelile: maungio yameliwa na unyevu, au mtu kachanganya chanya na hasi. Kompyuta ya mezani nayo ina volti 12 ndani yake. Aliyezoea kufunga taa ya mtumbwi vizuri ataiweza kazi hii, ila akumbuke kwamba humu ndani taa inakaa jirani na mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, na kadi ya picha, vitu ambavyo mwenyewe huenda alivichangia fedha mwaka mzima.

Hatua ya 1: Ujue mkanda ulionao

Usiguse pasi ya kulehemu kabla ya hapa. Sokoni kuna mikanda ya aina tatu na kwa macho inafanana sana.

Wa kwanza ni wa rangi moja, volti 12, wenye nyaya mbili. Wa pili ni wa RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu, volti 12, wenye nyaya nne. Mkanda mzima unabadilika rangi kwa pamoja. Wa tatu ni ule ambao kila taa inawaka rangi yake peke yake, na huo wa kwenye kompyuta hutumia volti 5. Plagi yake ina matundu matatu na nafasi moja iliyozibwa.

Ile nafasi iliyozibwa ina maana kubwa. Kijana mmoja aliniletea kompyuta ambayo feni zake tatu hazikuwaka hata taa moja, na ukisogeza pua unasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Nikamuuliza alichomeka wapi.

"Fundi, plagi iligoma kuingia, tundu moja lilikuwa limeziba. Nikalizibua na sindano."

"Mdogo wangu, lile tundu limezibwa makusudi."

Alikuwa ameingiza plagi ya volti 5 kwenye pini nne za volti 12. Taa zote zilipokea zaidi ya mara mbili ya umeme wake, na hakukuwa na la kufanya ila kununua feni nyingine. Soma maandishi kwenye mazabodi, pembeni mwa pini: yameandikwa 12V au 5V. Plagi ikigoma, acha.

Mwongozo huu unahusu mkanda wa kwanza, wa rangi moja. Ndio rahisi, ndio unaodumu, na mimi naupenda kuliko yote kwa sababu mwanga mweupe unaonyesha kazi ya mikono yako bila kuipaka rangi.

Kama wako ni RGB wa nyaya nne, shika neno moja: waya mweusi wa mkanda huo mara nyingi ndio chanya, na zile tatu za rangi ndizo zinazokwenda upande wa hasi. Waliozoea redio na taa za gari, ambako mweusi ni hasi, wanaumia hapo.

Hatua ya 2: Kata na upige hesabu

Ukiutazama mkanda wa volti 12 kwa karibu utaona kila baada ya taa tatu kuna mstari mwembamba, pengine na alama ya mkasi, umepita katikati ya vidoa vya shaba. Taa hizo tatu zimepangwa mfululizo pamoja na rizista, kile kidude kinachozuia umeme usizidi. Kila taa nyeupe inataka volti 3 na kidogo, kwa hiyo tatu zinakula kama volti 9 na nusu, na rizista inabeba zinazobaki. Ukikata nje ya mstari, kundi hilo zima halitawaka. Kwenye mkanda wa taa 60 kwa mita, mistari iko kila sentimita 5.

Mkanda wa taa kubwa za 5050, taa 60 kwa mita, unakula wati 14.4 kwa mita, yaani ampea 1.2. Kesi ya kawaida inatosheka na sentimita 80 mpaka mita moja. Pawa saplai, lile sanduku linalogawa umeme ndani ya kompyuta, haitausikia mzigo huo. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya na uendelee.

Hatua ya 3: Mahali pa kuchukua umeme

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe.

Chukua umeme kwenye plagi ya Molex, ile kubwa ya pini nne: njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, nyeusi mbili ni hasi. Usikate nyaya za pawa saplai yenyewe. Nunua waya wa kurefushia Molex, ukate huo. Utatumia njano na nyeusi moja. Nyekundu na nyeusi iliyobaki zifunge tepu ya umeme kila moja peke yake, na uzikate kwa urefu tofauti ili ncha zisikutane hata tepu ikiachia.

Usichukue umeme wa mkanda kwenye pini za feni za mazabodi. Pini zile nyingi zimewekewa kikomo cha ampea 1, na mkanda wa mita moja umeshakipita.

Kisha pima. Chomeka waya huo mpya kwenye Molex ukiwa haujaunganishwa na mkanda, washa kompyuta, weka mita kwenye DC 20 (volti za DC, mpaka 20), ncha nyeusi kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye wa njano. Unatakiwa kuona kati ya 11.4 na 12.6. Waya wa kurefushia uliotengenezwa ovyo unaweza kuwa na rangi zilizobadilishana, na huwezi kulijua hilo kwa macho. Ukishasoma namba, zima na uchomoe tena.

Hatua ya 4: Kulehemu

Kama mkanda una utando wa mpira juu, ukwangue kwa wembe mpaka vidoa vya shaba vya + na − ving'ae. Pasi ikipata moto, dondoshea kila kidoa tone dogo la risasi ya kulehemu. Paka risasi kwenye ncha ya waya pia. Sasa laza waya juu ya tone, gusa na pasi kwa sekunde mbili, ondoa pasi, na usitikise mkono mpaka risasi ipoe. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Kikiwa na ukungu na chembechembe, kipashe tena. Usikae na pasi hapo muda mrefu, shaba ya mkanda ni nyembamba na itabanduka.

Ziba kiungo, na uzibe pia ncha ya pili ya mkanda, ile uliyoikata. Wengi wanaisahau. Bati la kesi limeungwa na hasi, hivyo shaba ya chanya ikiligusa ni shoti: fyuzi itakatika au pawa saplai itajizima hapohapo.

Hatua ya 5: Jaribu, kisha bandika

Uwashe kwanza mkanda ukiwa mezani, juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme. Betri ya volti 12 ya pikipiki inafaa, fyuzi ikiwa mahali pake. Usipowaka kabisa, geuza nyaya. Mkanda wa kawaida hauharibiki kwa kugeuzwa.

Futa bati kwa spiriti, liache likauke, ndipo ubandike. Elekeza taa ndani, nyuma ya ukingo wa juu wa fremu, ili mtu aone mwanga na asione vidoa vya taa. Gundi ya mkanda inalegea kwa joto, kwa hiyo kaza pia kwa kamba ndogo za plastiki kila sentimita 20. Nyaya zikae mbali na mapanga ya feni.

Hatua ya 6: Swichi

Weka swichi ndogo kwenye waya wa njano, baada ya fyuzi, na uitoe nyuma ya kesi. Kwa anayeishi ufukweni namwambia asiiruke hatua hii. Kuna siku vile vijidudu vya ziwani vinapanda juu ya maji kama moshi, na jioni vinaufuata mwanga wowote. Kesi yenye kioo na taa nyeupe inavivuta, feni inavimeza, na asubuhi unakuta vimeganda kwenye mapezi ya kipozeo cha prosesa kama unga uliolowa. Nimewahi kuvitoa kwa mswaki kutoka kwenye mashine ambayo mwenyewe alidhani prosesa imekufa. Weka wavu mwembamba mbele ya feni inayovuta hewa, na ukiona taa ya kibarazani imezungukwa, zima mkanda wa kwenye kesi na uendelee na kazi yako.